Kabla Hujaanza Kutazama

Mtu ameshika pakiti ya karata. Anazichanga kidogo, kisha anainua pakiti na kukuonyesha karata ya chini kabisa, yeye mwenyewe akiwa amegeuzia uso pembeni. Tuseme ni saba ya kopa. Anakwambia uikumbuke, usimtajie mtu. Halafu anakukabidhi pakiti nzima uzichange wewe, upendavyo, hata chini ya meza ukitaka. Unazichanga mpaka mikono inachoka. Anazipokea, anazipitia moja moja, anakunja uso, anakushika kifundo cha mkono kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo. Mwisho anasema: saba ya kopa.

Amejuaje?

Nimeufanya mchezo huu mbele ya ndugu na marafiki mara nyingi, na majibu yao karibu yote huanzia mahali pamoja: pale walipochanga karata. Mmoja husema nilizitia alama. Mwingine husema niliisoma sura yake ile karata ilipopita. Yupo aliyeniambia nilikuwa na kioo kwenye mfuko wa shati. Wote wanapekua kipindi ambacho hakikutokea kitu chochote. Jibu ni jepesi mpaka linaudhi. Karata ile niliijua kabla sijaionyesha. Niliichungulia mapema, wakati bado tunapiga soga, nikaipeleka chini ya pakiti, nikazichanga zile nyingine kwa namna ambayo ya chini inabaki chini. Ulipoanza kutazama kwa makini, kazi ilikuwa imekwisha. Kuchanga kwako chini ya meza, kukunja uso kwangu, kukushika mkono, yote hayo ni mapambo.

Maelezo ya mchezo huu yamo katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1584. Mwandishi wake, Reginald Scot, anaeleza namna ya kuichungulia karata na namna ya kuitunza chini, kisha anashauri kwamba mwisho wake ufanywe kwa mbwembwe, kana kwamba ni jambo gumu mno. Ni moja ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiingereza yanayomfundisha msomaji viini macho vya karata. Lakini jina la kitabu ni The Discoverie of Witchcraft, yaani kuufichua uchawi, na sehemu kubwa ya kurasa zake haihusu karata. Inahusu wanawake waliokuwa wakipelekwa kunyongwa.

Nilitaka kujua saba ya kopa ilikuwa inatafuta nini humo ndani.

*

Mwaka 1563 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofanya kuua kwa uchawi kuwa kosa la kunyongwa. Miaka mitatu baadaye, huko Chelmsford katika jimbo la Essex, mwanamke aitwaye Agnes Waterhouse alinyongwa kwa shitaka hilo. Mwaka 1582, katika jimbo hilohilo, kijiji cha St Osyth kiliwashitaki wanawake kadhaa kwa mkupuo, na baadhi yao wakanyongwa. Waliokuwa wakishitakiwa zama hizo wengi walikuwa wanawake, na wengi wao maskini: mjane anayeishi peke yake, bibi anayepita nyumba kwa nyumba kuomba maziwa na kunung'unika akinyimwa.

Scot aliishi Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtu mwenye ardhi yake, si mwanasheria wala padri. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1574, kilihusu kilimo cha hopu, ule mmea unaotiwa katika bia. Ni kitabu cha mtu anayependa kujua kitu kinafanyikaje: shimo lichimbwe wapi, nguzo isimame vipi, mzabibu wa hopu uzungushwe upande gani. Miaka kumi baadaye aliupeleka udadisi uleule kwenye mashitaka ya uchawi.

Katika kitabu hicho cha pili mna kisa cha mfanya mazingaombwe aliyeitwa Brandon. Siku moja Brandon alikuwa mbele ya mfalme. Juu ya paa la nyumba alikuwa ametua njiwa. Brandon akachora picha ya njiwa ukutani, akamwambia mfalme atazame kazi ya fundi, akaanza kuichoma ile picha kwa kisu. Akaichoma tena na tena, kwa nguvu zote. Yule njiwa wa kwenye paa akaanguka, amekufa. Mfalme akampiga marufuku asiurudie mchezo huo, kwa hofu kwamba anayeweza kumuua njiwa kwa picha anaweza kumuua na binadamu.

Scot anaeleza ilivyofanyika. Njiwa alikuwa amelishwa sumu mapema, na mtu aliyeijua sumu hiyo aliweza kukadiria ingechukua muda gani kuua. Kisu na picha vilikuwepo ili kujaza muda huo. Ni saba ya kopa tena: kilichoua kilishapita kabla mfalme hajaanza kutazama.

Kisa hiki kinamhusu mtu aliyefurahisha ikulu, lakini tazama kilivyoumbwa. Mtu anachoma sanamu, kiumbe kilicho mbali kinaanguka na kufa. Hilo ndilo shitaka lenyewe. Wanawake walishitakiwa kwa kuchoma sindano vinyago vya nta ili jirani aumwe. Brandon aliambiwa tu asirudie.

*

Shitaka moja ambalo Scot analisimulia kwa kirefu ni la mwaka 1581, katika mahakama ya Rochester. Mshitakiwa alikuwa Margaret Simons wa kijiji cha Brenchley, Kent. Mshitaki wake mkuu alikuwa kasisi wa kijiji, John Ferrall.

Hadithi ya kasisi ilikwenda hivi. Mwanawe alikuwa akipita karibu na nyumba ya Margaret, mbwa mdogo wa mama huyo akambwekea. Kijana akachomoa kisu, akamkimbiza mbwa mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Margaret akatoka akamfokea. Siku tano au sita baadaye kijana akaugua. Kasisi, ambaye kwa kazi yake alipaswa kupinga mambo hayo, alisema mwanawe alipona kwa msaada wa mchawi mwingine. Sisi tungesema alimpeleka kwa mganga. Tena akaongeza shitaka la pili. Kila alipotaka kusoma kwa sauti kanisani, sauti yake ilikuwa inakatika, na hilo nalo alilihesabu kuwa ni kazi ya Margaret.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kutafsiriwa hadithi hii. Ugomvi mdogo wa majirani, maneno makali mlangoni, siku chache zinapita, mtoto anaugua. Kila sehemu ya hadithi ni kweli. Mbwa alibweka, Margaret alifoka, kijana aliugua. Hakuna aliyedanganya kuhusu jambo lolote kati ya hayo, na ndiyo maana ni vigumu kulibishia shitaka la namna hii. Ukiulizwa kama ugomvi ulikuwepo, utasema ulikuwepo. Ukiulizwa kama ugonjwa ulifuata, utasema ulifuata.

Hila yote imo katika mahali hadithi ilipoanzishwa. Kasisi anamtaka msikilizaji aanze kutazama pale mlangoni, Margaret anapofungua kinywa. Haanzi na mtoto alikuwa na afya gani wiki iliyotangulia, alikula nini, nani mwingine aliugua nyumbani kwa bwana aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Ukishakubali kuanzia mlangoni, mwisho wa hadithi umeshapangwa, kama vile ukishakubali kwamba mchezo wa karata ulianza ulipoonyeshwa saba ya kopa.

Kuhusu sauti ya kasisi, Scot alikuwa na habari nyingine. Sauti hiyo ilikuwa ya kukwaruza siku zote, hasa mwenyewe alipojikakamua kuipandisha. Waumini wake waliijua vizuri. Baadhi yao waliamini ana kaswende, wakakataa kushiriki naye sakramenti mpaka alipoleta kutoka London cheti cha madaktari wawili kikisema kwamba kukauka kwa sauti kunatokana na maradhi ya mapafu. Cheti hicho alikisoma kanisani mbele ya watu wote. Kwa hiyo kasisi alikuwa ameshapewa maelezo ya kitabibu kuhusu koo lake, na ameyatangaza hadharani. Mbele ya mahakama alianza hadithi mahali pengine.

Margaret Simons aliachiwa huru.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini karata zimo katika kitabu hiki. Scot hakuingiza sura za kiini macho ili kumpumzisha msomaji. Alikuwa anamfundisha kazi. Ukishafundishwa saba ya kopa, ukarudishwa nyuma hadi pale karata ilipochunguliwa, unakuwa umejifunza kurudi nyuma. Jambo hilo unaweza kulifanyia mazoezi mezani, kwa kitu kisichomdhuru mtu, kisha ukalifanya mahakamani mahali ambapo mtu anaweza kunyongwa.

*

Ufundi wenyewe Scot hakuubuni. Anamtaja Mfaransa mmoja aliyeishi London mtaa wa St Martin's, John Cautares, aliyekula kwa jasho lake katika kazi nyingine, na ambaye kwa maoni ya Scot hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mkono. Na kabla ya kuzianika siri, anasema wazi kwamba inamsikitisha, kwa kuwa zipo familia maskini zinazoishi kwa michezo hiyo na yeye anakwenda kuwaharibia riziki.

Nimelifikiria sana jambo hili. Siri ya mfanya mazingaombwe ni mali, kama lilivyo jembe la mkulima. Anayeitangaza anamnyang'anya mtu kitu. Scot alilijua hilo, akapima, akaona upande wa pili wa mizani kuna shingo za watu. Lakini alitafuta pia njia ya kumwachia fundi nafasi yake. Alisema mchezaji anayekiri kwamba huu ni wepesi wa mkono, wala hajidai kuwa na nguvu za roho, hana kosa, na anastahili sifa. Kosa linaanza pale anapotaka uamini kwamba hakuna kilichofanyika kabla hujatazama.

Lugha yetu nayo ilishaiona tofauti hii. Tunalo neno uchawi, na tunalo neno kiini macho. La pili linasema wazi kwamba jambo linatokea ndani ya jicho la mtazamaji. Kwa Kiingereza cha zama za Scot, neno moja lingeweza kumbeba mchezeshaji wa sokoni na mtu anayeita mashetani, na mchanganyiko huo uliweza kumgharimu mtu.

Je, kitabu kilifaulu? Si haraka. Mwaka 1597 James wa Sita, mfalme wa Scotland, alichapisha kitabu chake mwenyewe kuthibitisha kwamba wachawi wapo, na humo akamtaja Scot kwa jina kama mtu wa kupingwa. Scot alifariki mwaka 1599. James akawa mfalme wa Uingereza pia mwaka 1603, na mwaka uliofuata sheria ya uchawi ikafanywa kali zaidi. Katika miaka ya 1640, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Matthew Hopkins alizunguka mashariki mwa Uingereza akiwasaka wachawi, na watu wengi wakanyongwa. Hadi sheria hizo zinafutwa na Bunge, ilikuwa imefika miaka ya 1730.

Waliokipokea kitabu kwa furaha walikuwa wafanya mazingaombwe. Kufikia mwaka 1612 kilikuwa kimetoka kitabu kingine cha kufundisha viini macho kilichochota kwa wingi kutoka kwa Scot, na mwaka 1634 kingine tena. Siri alizozianika ili kuokoa watu zikawa mtaala. Wale maskini aliohofia kuwanyima riziki, warithi wao walijifunza kazi kwake.

*

Karata zilifika pwani yetu kwa Wareno, na ushahidi bado tunautamka. Karata ni carta. Turufu ni trunfo. Kopa, shupaza, pau na uru ni copas, espadas, paus na ouros, majina ya Kireno ya aina nne za karata. Wareno waliondolewa Mombasa mwaka 1698, lakini maneno yao yalibaki vibarazani, mikononi mwa wazee wanaosubiri adhana ya alasiri.

Na tunao mchezo ambao wengi wetu tuliuona kabla hatujajua kusoma: pata potea. Boksi lililopinduliwa karibu na stendi ya mabasi, karata tatu, moja nyekundu. Jamaa anazirusha kifudifudi, anazihamisha taratibu, anauliza ile nyekundu iko wapi. Ukiwa umesimama pembeni unaiona kila mara. Ukiweka pesa haipo.

Mrusho wenyewe ulielezwa kwa undani mwaka 1902 katika kitabu kilichochapishwa Marekani na mtu aliyejificha nyuma ya jina la S. W. Erdnase. Mchezeshaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, zimeachana kidogo. Anakuonyesha kwamba nyekundu ni ya chini. Anapoushusha mkono kurusha, jicho lako linategemea iliyo chini ndiyo itoke kwanza. Anaiachia ya juu. Ni kazi ya sekunde moja, na vidole vinajirekebisha mara moja, hivyo iliyobaki mkononi inaonekana ndiyo ile ambayo ingebaki. Kuanzia hapo kila kitu ni halali. Anazihamisha polepole kwa sababu anataka uzifuate. Unaifuata karata isiyo yako, kwa uaminifu mkubwa, mpaka mwisho.

Kuna kijana mmoja niliyewahi kumweleza haya yote, akafurahi, akaona sasa anaweza kwenda kushinda. Nilimwambia asiende. Ukishaijua siri ya mkono, bado hujaijua siri ya mchezo. Yule aliyeshinda noti mbili mbele yako ni mwenzao. Yule bibi aliyekunong'oneza "mwanangu, ni ile ya kushoto" huenda ni mwenzao. Wakati mchezeshaji amegeuka kukohoa, mmoja wao anakunja kona ya karata nyekundu na kukukonyeza, sasa una alama. Unaweka pesa zote. Kona imeshanyooshwa, na nyingine imekunjwa. Ukibahatisha kuweka pesa pale panapotakiwa, mwenzao ataweka kubwa zaidi, au mtu atapiga kelele kwamba polisi wanakuja, na boksi litatoweka. Umati ule ulipangwa kabla hujashuka kwenye basi.

Kwa hiyo jicho makini peke yake halitoshi. Brenchley nako kulikuwa na umati. Kasisi hakusimama peke yake. Nyuma yake palikuwa na kiti chake, joho lake, na woga wa kila aliyewahi kugombana na jirani. Anayetafuta siri katika mikono ya mshitakiwa anaangalia boksi. Inabidi awaangalie pia waliosimama kulizunguka.

*

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yalinionyesha kwamba kujua siri hakumfanyi mtu awe upande wa haki. Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa wa Ufaransa, anahesabiwa kuwa baba wa mazingaombwe ya kisasa. Mwaka 1861 alichapisha kitabu kinachofichua hila za matapeli wa karata, ili watu wasiibiwe mezani. Katika hilo alikuwa mwanafunzi mwema wa Scot.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1856, serikali ya Ufaransa ilikuwa imempeleka Algeria. Wafaransa waliivamia nchi hiyo mwaka 1830, na walikuwa wanahofia ushawishi wa masharifu ambao watu waliwaamini kuwa na karama. Robert-Houdin alitakiwa aonyeshe kwamba karama za Wafaransa ni kubwa zaidi. Jukwaani mjini Algiers aliweka kisanduku kidogo, akamwita mwanamume mwenye nguvu akiinue. Akakiinua bila shida. Robert-Houdin akatangaza kwamba sasa anamnyang'anya nguvu zake, akamwambia ajaribu tena. Kisanduku hakikutikisika. Mtu yule akavuta mpaka mwili wote ukatetemeka, kisha akapiga ukelele, akakimbia.

Chini ya sakafu palikuwa na sumaku ya umeme. Kisanduku kilikuwa na chuma chini. Umeme ukiwashwa kinanata. Na ule ukelele ulitokana na mshtuko wa umeme uliopelekwa kwenye mpini. Waya ulitandazwa kabla watazamaji hawajaketi.

Katika kumbukumbu zake, Robert-Houdin anaandika kwamba baadaye watazamaji walielezwa kupitia wakalimani kuwa yale yalikuwa ufundi tu, si uchawi. Namwamini. Lakini natazama mpangilio. Kwanza hofu, maelezo baadaye, na kati ya hayo mawili mtu mzima amefedheheshwa mbele ya watu wake ili taifa jingine lionekane haliwezekani. Wasomaji wa Paris walipewa siri ili wasiibiwe. Watu wa Algiers walikuwa wameshaibiwa nchi.

Scot na Robert-Houdin walikuwa na elimu ya aina moja. Kilichowatofautisha pale Algiers ni nani aliyepewa maelezo mapema, na nani aliyepewa yakiwa hayamsaidii tena.

*

Mwezi Mei mwaka 2008, katika eneo la Kisii nchini Kenya, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto na kundi la watu waliowatuhumu kwa uchawi. Huko Usukumani, Tanzania, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, macho yao ni mekundu. Waliofuatilia mauaji hayo wameeleza mara nyingi wekundu huo unatoka wapi. Unatoka jikoni. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya chumba kisicho na dirisha, macho yake yataiva kwa moshi.

Nikisoma habari hizo namwona njiwa wa Brandon. Kilichoyageuza macho yale mekundu kilifanyika zamani, kidogo kidogo, kila asubuhi na kila jioni, mbele ya watu walewale aliokuwa akiwapikia. Hakuna aliyekuwa anatazama. Wanakuja kutazama siku mtoto wa jirani ameugua, na siku hiyo wanaona macho tu.

Sheria tunazo. Kenya ina sheria ya uchawi tangu 1925, Tanganyika tangu 1928, zote zimeandikwa na wakoloni. Sheria huja na polisi, na polisi huja baada ya moto. Kabla ya moto huwa kuna saa chache ambapo hadithi inasimuliwa, kwenye kilabu cha pombe, msibani, au sasa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: aligombana na fulani, siku tano baadaye fulani akaanguka. Katika saa hizo mtu yeyote anaweza kuuliza kuhusu wiki iliyotangulia ugomvi. Mgonjwa alikuwa na hali gani? Alishawahi kupelekwa hospitali? Shamba la bibi huyo lina mgogoro na nani? Ni maswali ya mtu anayetaka kujua saba ya kopa ilijulikanaje, na hayahitaji shahada.

Yanahitaji ujasiri, kwa sababu umati haupendi kurudishwa nyuma. Ukimwambia mtu karata iliyo mbele yake siyo aliyoiona ikirushwa, anaweza kukukasirikia wewe kuliko mchezeshaji.

Nilisema kwamba Margaret Simons aliachiwa huru. Sikusema kwa namna gani. Scot anaandika kwamba kama mmoja wa wazee wa baraza la mahakama asingekuwa na akili kuliko wenzake, mwanamke yule angehukumiwa kwa mashitaka yaleyale ya mbwa, kijana na koo la kasisi. Jina la mzee huyo halimo kitabuni. Mle ndani wengine walikuwa tayari kuanzia mlangoni kwa Margaret. Yeye hakukubali kuanzia hapo, na Margaret akarudi nyumbani Brenchley, kwa mbwa wake.